Kivinjari kinapokula memori ya kompyuta: jinsi ya kutafuta uvujaji kwa kusoma logi

Unajaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo kwenye kompyuta ya jamii. Asubuhi kurasa zilifunguka haraka. Kufikia saa nane mchana, kila herufi unayoandika inachelewa kuonekana. Kisha ukurasa unajifunga, na yote uliyoandika yanapotea. Wengi hulaumu mtandao na kununua bando jingine. Lakini huenda tatizo ni memori ya kompyuta iliyojaa, na sababu moja ya kujaa huko ni uvujaji wa memori.

Makala hii inaeleza uvujaji ni nini, jinsi ya kuuthibitisha kwa kusoma logi za kivinjari cha Firefox, na jinsi ya kulinda taarifa zako wakati huo. Imeandaliwa kwa wasimamizi wa vyumba vya kompyuta, vijana wanaojifunza ufundi, na yeyote anayetumia kompyuta ya pamoja, awe mkimbizi au mwenyeji.

Je, ni mtandao au ni memori?

Kabla ya kununua bando, angalia dalili hizi:

- Ikiwa kurasa mpya zinachelewa kufunguka lakini kuandika na kuhama kutoka programu moja hadi nyingine kunakwenda vizuri, huenda ni mtandao.
- Ikiwa kuandika kunachelewa na programu nyingine pia zinakwama, huenda ni memori.
- Hifadhi kazi yako, funga kivinjari chote, kisha kifungue tena bila kubadili chochote kwenye mtandao. Kasi ikirudi, shuku memori.

Kuona ni kichupo kipi kinachotumia memori nyingi, andika about:processes kwenye sehemu ya anwani ya Firefox. Kwenye Chrome, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja.

Uvujaji wa memori ni nini?

Memori inayozungumziwa hapa ni RAM, yaani nafasi ambayo kompyuta hutumia kufanyia kazi inapokuwa imewashwa. Si nafasi ya kuhifadhia picha na nyaraka, kwa hiyo kufuta picha hakutasaidia.

Unapofungua ukurasa, kivinjari huomba memori. Unapoufunga, memori hiyo inapaswa kurudishwa. Isiporudishwa, tunasema imevuja. Kila ukurasa ukiacha kiasi kidogo, baada ya saa kadhaa kompyuta yenye memori ndogo huishiwa.

Kivinjari kina mfumo wa kusafisha memori, lakini mfumo huo hauwezi kuondoa kitu ambacho bado kinashikiliwa na kingine. Wakati mwingine vitu viwili ambavyo havihitajiki tena huwa vinashikiliana, kila kimoja kikizuia kingine kisiondolewe. Firefox 3 ya mwaka 2008 iliongezewa mfumo maalumu wa kutambua mizunguko ya aina hiyo. Hata hivyo, ikiwa ukurasa wa zamani umeshikiliwa na programu inayoendelea kufanya kazi, mfumo huo hauwezi kuuondoa.

Logi inasaidiaje?

Logi ni daftari la matukio ambalo programu huliandika yenyewe. Fikiria mtu anayeazimisha viti vya sherehe. Anayechukua kiti huandikwa jina, na anayerudisha jina lake hukatwa. Jioni, jina ambalo halijakatwa linaonyesha kiti ambacho hakijarudi.

Watengenezaji wa Firefox walitumia njia hiyohiyo. Kivinjari kiliweza kuandika kwenye logi kila dirisha na kila ukurasa ulipoundwa, na tena ulipoondolewa. Mhandisi David Baron wa Mozilla aliandika programu ndogo iitwayo leak-gauge, ambayo ilisoma logi hiyo, ikalinganisha walioingia na waliotoka, na kutaja anwani za kurasa ambazo hazikuondoka.

Mwaka 2011 Mozilla ilianzisha mradi wa MemShrink wa kupunguza matumizi ya memori. Ilibainika kwamba uvujaji mwingi ulitokana na viendelezi, yaani programu ndogo ambazo mtumiaji huongeza kwenye kivinjari. Viendelezi hivyo viliendelea kushikilia kurasa zilizokwisha kufungwa. Firefox 15, iliyotoka mwaka 2012, ilianza kuwalazimisha wengi wao kuziachia.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Firefox ya kompyuta ina ukurasa wa vipimo uitwao about:memory. Ni wa bure, na vipimo vyenyewe havihitaji bando. Majina ya vitufe hapa chini yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

1. Funga Firefox yote, kisha ifungue upya. Fungua ukurasa unaoushuku, na katika kichupo cha pili fungua about:memory.
2. Bonyeza "Measure and save". Faili la vipimo litahifadhiwa kwenye kompyuta. Lipe jina la saa uliyopima, ili usichanganye mafaili baadaye.
3. Endelea na kazi yako ya kawaida. Pima tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili.
4. Funga ukurasa unaoushuku, ubaki na about:memory peke yake. Bonyeza "Minimize memory usage" na usubiri dakika mbili. Kisha pima mara ya mwisho.
5. Bonyeza "Load and diff", chagua faili la kwanza na la mwisho. Kivinjari kitakuonyesha kilichoongezeka na kilichopungua.

Kusoma matokeo

Tazama kwanza mstari wa explicit, ambao ni jumla ya memori iliyoombwa na kivinjari kwa kazi zake. Chukua mfano wa kipimo cha kwanza cha megabaiti 300:

- Ikipanda hadi 450 kisha ikabaki hapohapo, huenda si uvujaji. Kivinjari huhifadhi vitu vingine makusudi ili kifanye kazi haraka.
- Ikipanda 420, kisha 540, na ukifunga ukurasa ikashuka hadi karibu 300, ukurasa huo ndio unaolimbikiza memori. Ufunge na kuufungua upya kila baada ya muda.
- Ikipanda hadi 540 na kubaki juu hata baada ya kufunga ukurasa, kuna kitu ndani ya kivinjari, mara nyingine kiendelezi, ambacho bado kimeishikilia. Zima kiendelezi kimoja, rudia vipimo, kisha uende kwa kinachofuata.

Tazama pia mstari wa ghost-windows. Unahesabu kurasa ambazo mtumiaji amezifunga lakini bado zimo ndani ya memori. Kwa kawaida huwa 0. Namba ikiendelea kukua kila unapopima, hiyo ni dalili nzito ya uvujaji.

Usiamini kipimo kimoja. Memori hupanda na kushuka kila kivinjari kinapojisafisha. Kinachothibitisha uvujaji ni kupanda kunakojirudia kila unapofuata hatua zilezile.

Linda taarifa zako

Faili la vipimo linaweza kuwa na anwani za kurasa ulizofungua. Anwani hizo zinaweza kuonyesha shirika linalokuhudumia, huduma ya afya uliyoitafuta, au hata namba ya faili lako. Kwa hiyo:

- Ikiwa utampa mtu mwingine faili, weka alama kwenye kisanduku cha "anonymize" kabla ya kupima, ili anwani zifichwe.
- Usitume faili lenye anwani kwenye kundi la WhatsApp, hata kama unatafuta msaada.
- Kwenye kompyuta ya pamoja, futa mafaili ya vipimo ukimaliza, kisha uyaondoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta.
- Anayekusaidia kutafuta uvujaji hahitaji nywila yako. Usimpe.

Kama fomu yako haiwezi kusubiri

Andika majibu marefu kwanza kwenye programu ya kuandikia, uyahifadhi, kisha uyanakili kwenye fomu. Fungua kivinjari upya kabla ya kuanza, na ufunge vichupo usivyohitaji. Fomu ikiwa na kitufe cha kuhifadhi, kibonyeze kila unapomaliza sehemu. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka.

Kwa wasimamizi wa vyumba vya kompyuta: weka daftari la kawaida kando ya kila kompyuta. Kivinjari kikikwama, andika saa, memori iliyokuwa ikitumika na viendelezi vilivyowashwa. Jina la mtumiaji halihitajiki, wala ukurasa aliokuwa akiusoma. Baada ya wiki moja, linganisha kompyuta moja na nyingine. Ile inayokwama mara nyingi zaidi ndiyo ya kuanza kupima.