Kalima: Simu inapokataa saiti juu ya usalama
Wakaaji wa Kalima, jimboni Maniema, wenye simu za zamani wanaweza kusoma hili: «muunganisho si salama». Mara nyingi rezo haina kosa.

Saiti salama iko na cheti, kama vile karte ya elekta. Tarehe ya simu ikiwa ya uongo, cheti kinaonekana kimeisha ao hakijaanza: tengeneza tarehe kwanza.

Tangu 2024, Android iliyo chini ya 7.1.1 haitambui vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalopatia saiti nyingi vyeti bure. Firefox inabeba orodha yake ya vyeti, inaweza kusaidia.

Saiti kali zinadai TLS 1.2 ao zaidi: weka navigateri mpya.

Ikikataa bado, usilazimishe kuingia na kuandika neno la siri. Mwizi anaweza kulisoma.