Ngoma za Gishora na Jina la Ntibirangwa

Sisi tuliokulia Buyenzi tunazijua ngoma za Burundi kwa kuzisikia harusini na kwenye sherehe za taifa hapa Bujumbura. Kwangu zilikuwa burudani, mpaka nilipopanda gari kwenda Gitega na kutoka hapo nikafika kilima cha Gishora, mwendo wa kilomita saba hivi.

Pale ni mahali patakatifu pa ushindi wa vita. Palianzishwa katika karne ya 19 na Mwami Ntare Rugamba, aliyeipanua sana nchi, baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa, anayetajwa kuwa muasi. Wenyeji wamezitunza ngoma hata baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966, na mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Nilitegemea majina ya mikuki na damu. Kumbe ngoma takatifu mbili za Gishora zina majina ya kilimo: Ruciteme, ambayo misitu hufyekwa kwa ajili yake, na Murimirwa, ile inayolimiwa. Mswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani kurima ni kulima. Ila katika Kirundi "ingoma" ni ngoma na pia ni ufalme. Anayelimiwa, basi, ni mtawala. Nadhani majina hayo yanaeleza matunda ya vita kuliko sifa yoyote ya shujaa: aliyeshinda alipata watu wa kumfyekea na kumlimia.

Na aliyeshindwa? Huko Kobe, Japani, kuna hekalu la Minatogawa lililojengwa mwaka 1872 kumuenzi Kusunoki Masashige. Huyu alishindwa vitani mwaka 1336 akajiua, na kwa zaidi ya miaka 200 alihesabiwa adui wa dola, hadi aliposamehewa mwaka 1559. Leo ni mfano wa uaminifu. Mtu ni yuleyule. Waliobadilika ni wanaomtaja.

Ntibirangwa hana hekalu. Jina lake limebaki ndani ya hadithi ya aliyemshinda, na neno "muasi" limetoka humohumo. Tunalinakili darasani bila kuuliza aliasi nini. (Hata mimi nililinakili.) Niliporudi Bujumbura nilifungua daftari langu, nikalikata neno hilo, nikaacha "chifu".