Maboma ya Iwawa

Ukiingia katika shule nyingi za Tanzania utakuta kibao cha marumaru kimepachikwa ukutani, karibu na mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Kimeandikwa kwamba jiwe la msingi limewekwa na Mheshimiwa fulani, cheo chake, tarehe yake. Mheshimiwa huyo alishika mwiko kwa dakika moja, akapaka saruji iliyochanganywa na mtu mwingine, akapigiwa makofi, akapanda gari. Mwashi aliyesimama nyuma yake na ndoo hayumo.

Nataka kuandika historia ya mmoja wa wenye ndoo. Alikuwa babu yangu mzaa mama, mwashi wa Iwawa, wilayani Makete, kwa miaka karibu arobaini. Jina lake sitalitaja. Katika miaka hiyo yote hakuliandika kwenye ukuta hata mmoja, hata pale sakafu mbichi ilipomtamanisha kila kijana aliyepita kuchora herufi zake, nami naona si heshima kumfanyia leo kitu alichokikwepa.

Uashi hakuurithi. Wakinga wa zamani walisifika kwa chuma. Walifua majembe na mikuki iliyouzwa mbali na milima yao. Nyumba zilikuwa za mianzi iliyokandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Wazee wa kwetu husema tofali la kuchoma walilijulia kwa wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofungua kituo Bulongwa mwaka 1895. Waliofyatua na kubeba walikuwa vijana wa hapohapo, na ujuzi ukabaki mikononi mwao.

Babu alizaliwa miaka ya arobaini. Alipopata nguvu alifanya walivyofanya vijana wengi wa Ukinga: alishuka Njombe kutafuta kibarua katika mashamba ya miwati, yale yaliyoanzishwa na shirika la maendeleo la kikoloni la Waingereza mwaka 1949. Alipelekwa kuchuna magome. Wiki ya tatu fundi aliyekuwa anajenga nyumba za wafanyakazi akataka mtu wa kumbebea maji, babu akainua mkono, akawa saidia fundi. Aliporudi nyumbani, miaka kadhaa baadaye, alikuwa na blanketi, mwiko, timazi na pima maji. Bibi anasema lile blanketi ndilo lililomvutia.

Kujenga Makete ni kubishana na hali ya hewa. Mvua huanza Novemba na haikati vizuri mpaka Mei. Matofali yanafyatuliwa kiangazi, na kiangazi chetu ndicho kipindi cha baridi kali, Juni na Julai, asubuhi nyasi zinapokuwa nyeupe kwa sakitu. Tofali bichi likipigwa na sakitu linapasuka. Kwa hiyo mchana unafyatua kwa kalibu, unapanga chini, na jioni unafunika kila safu kwa nyasi kama unayelaza watoto. Yakishakauka yanapangwa kuwa tanuru, na chini unaacha matundu ya kuingizia kuni. Nje unakandika udongo ili joto lisitoroke. Halafu moto, siku mbili au tatu mfululizo, usiku na mchana. Babu alipenda kuni za muwati kwa sababu zinatoa moto mkali. Msindano, alisema, unawaka kwa kelele na kuzimika kwa aibu. Usiku wa tanuru kijiji kizima kilikuja kuota moto. Watu walichoma viazi kwenye midomo ya matundu, ulanzi ukapita mkono kwa mkono, na ndoa kadhaa za Iwawa, nasikia, zilianzia hapo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu tunapozungumzia sera za taifa tunasahau kwamba kila sera ilisubiri tofali likauke. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha watu kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Watoto wakaandikishwa, walimu wa dharura wakafundishwa upesi, lakini darasa halina namna ya kuharakishwa kwa azimio. Ilibidi mtu apime msingi, avute kamba, aseme kozi hii imepinda, bomoeni. Babu alizunguka vijijini kwa miguu. Alilipwa kidogo, mara nyingine alilipwa mahindi.

Alikuwa na daftari la shule, lenye mistari, aliloandika kwa penseli. Halina habari zake hata kidogo. Lina majina ya wenye kaya na, mbele ya kila jina, hesabu: matofali mangapi, ndoo ngapi za maji, siku ngapi za kukusanya mawe. Mjane mmoja wa mwaka 1976 ameandikiwa matofali arobaini, na pembeni babu akaongeza: “ana mtoto mgonjwa, yanatosha”. Sijawahi kuona kibao cha marumaru chenye habari kama hizo. Kurasa kama kumi za mwisho hazipo. Ziliwashia moto jikoni, na hakuna anayekubali kosa.

Mwaka 1979 Makete ilimegwa kutoka Njombe ikawa wilaya, na Iwawa pakawa makao makuu, bomani. Kazi ikawa nyingi ghafla: ofisi, nyumba za watumishi, nyumba za waliotaka kuwa karibu na ofisi. Lakini vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha nchi, na miaka ya mwanzo ya themanini saruji ilitafutwa kama dawa. Babu alijenga kwa udongo mtupu kati ya tofali na tofali, kisha akapaka saruji kidogo tu nje ya viungo, kwenye uso unaopigwa na mvua. Kuta hizo bado zimesimama. Nyingine alizoshika ziliishia kwenye linta kwa kukosa bati, zikabaki maboma, zikaota magugu ndani. Kiswahili chetu kina mzaha wake hapa: neno lilelile linaloitaja serikali ya wilaya ndilo linaloitaja nyumba isiyokwisha.

Kamati zilipokosa fedha zilimlipa matofali yaliyobaki. Aliyabeba kwenda kwake, na kila alipopata ya kutosha aliongeza chumba. Katika mkutano wa kijiji mtu aliwahi kusimama na kuuliza inakuwaje nyumba ya fundi inakua kila shule inapojengwa. Babu alifungua daftari akasoma, jina kwa jina, tofali kwa tofali, mpaka yule mtu akaomba aache. Bibi hulisimulia tukio hilo kwa fahari. Mama hulisimulia tofauti. Mama alichaguliwa kwenda sekondari, na alichelewa muhula mzima kwa sababu babu alikuwa akidai ujira wake na hakutaka kuwabana waliokuwa wanamdai yeye huruma. “Baba alikuwa wa watu wote,” husema Mama, “na sisi tulikuwa miongoni mwa hao watu wote.” Nimeshindwa kuamua nani kati yao anasema kweli zaidi. Namwelewa Mama.

Kisha ukaja UKIMWI. Wakinga ni watu wa safari na biashara, na barabara zilizowaletea maduka ya Mbeya na Dar es Salaam ziliwarudisha wengine wakiwa wamebebwa. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliikuta Njombe, mkoa mpya wakati huo, na maambukizi ya asilimia 14.8, ya juu kuliko mikoa yote, huku wastani wa taifa ukiwa 5.1. Lakini kabla ya takwimu kuandikwa waashi walikwishajua. Kulikuwa na miaka ya tisini, Mama anakumbuka, ambayo babu alijengea makaburi zaidi ya nyumba. Aliowajengea walikuwa vijana aliowafundisha kushika mwiko. Makaburi hakuyalipisha.

Watoto walibaki. Ndugu wawili wa babu walifariki wakaacha saba; wote walikuja kwetu. Hapo ndipo nyumba ilipovuka kipimo. Chumba cha kwanza cha upande wa mashariki kina matofali mekundu iliyokolea, ya tanuru la shule ya 1976. Kinachofuata ni cha rangi ya chungwa, ya enzi ya ofisi za wilaya, yasiyoiva vizuri. Vile vya nyuma vimechanganyika, vikubwa na vidogo, kozi zinapanda na kushuka kidogo, kazi ambayo babu angemfukuza nayo mwanafunzi wake. Alijenga usiku, kwa taa ya chemli, kwa sababu mchana alikuwa kwa wengine. Mimi nililala katika chumba hicho miaka sita na najua kila tofali lililopinda.

Aliendelea hadi MMEM, uliodai madarasa ya msingi kuanzia 2002, na hadi shule za kata miaka michache baadaye, ambapo wananchi waliinua kuta mpaka linta na serikali ikaahidi bati. Alikuwa amezeeka. Alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa fimbo, na vijana wakamwita mhandisi kwa utani ambao alijifanya hausikii. Alifariki kiangazi kimoja, msimu wa matanuru. Walikuja watu wengi kuliko tulivyoweza kuwalisha, na waliojengea kaburi lake hawakutulipisha.

Sasa lami imefika kutoka Njombe, na viwanja vya Iwawa vina bei. Wajomba zangu wenye maduka Mbeya wanataka nyumba ya zamani ibomolewe, ijengwe ya bloku, vigae chini, bati la msauzi juu, ukuta wa uzio na geti. Si watu wabaya. Wanasema mama yao amekaa kwenye baridi ya kutosha, na kwamba ufa wa ukuta wa nyuma unaongezeka kila masika. Nimeupima, ni kweli. Wanne kati ya wale saba walioletwa wakiwa yatima hawataki ivunjwe. Mmoja wao, ambaye sasa ni mwashi, amekadiria kwamba ukuta wa nyuma peke yake unaweza kushushwa na kupandishwa upya kwa matofali yaleyale, kwa wiki tatu, na ameshaandika hesabu ya saruji. Bibi hajasema lolote. Kikao ni Desemba, watu wote wakirudi nyumbani. Mimi nimekwishapiga picha kila ukuta, na daftari nimelifunga kwenye plastiki nikalirudisha sandukuni kwake, kwa kuwa ndani yake kuna majina ya watu ambao wajukuu wao tunaishi nao jirani, na huenda mmoja wao akataka kujua bibi yake alileta matofali mangapi.