Herufi za msasa

Herufi za msasa ni vibao vidogo vilivyobandikwa herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, vinavyotumika kumfundisha mtoto kusoma na kuandika katika mfumo wa Montessori. Mwanzilishi wa mfumo huo, daktari Mwitalia Maria Montessori (1870–1952), alifungua shule yake ya kwanza mtaani San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907.

Mtoto hupapasa herufi kwa vidole viwili akifuata mwelekeo wa kuiandika, huku akisikia na kutamka sauti yake. Sikio, jicho na mkono hujifunza kwa pamoja. Somo lina hatua tatu, zilizotokana na kazi ya daktari Mfaransa Édouard Séguin: mwalimu hutaja, “hii ni m”, kisha huuliza, “m ni ipi?”, mwisho huuliza, “hii ni nini?” Uzuri mkubwa uko katika hatua ya pili. Mtoto hujibu kwa kuonyesha tu, hivyo yule ambaye ulimi wake bado mzito hahesabiwi kuwa hajui.

Kwa Kiswahili, ambacho tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu, mbinu hii inafaa mno, ila sauti kama ch na ng’ huhitaji vibao vyake.