Emil na Dana Zátopek: Nyumba Moja, Dhahabu Tano



Katika vijiji tunamopita, swali moja linarudi kila tunapozungumzia kiwanja cha michezo: "Siye tumerudi hatuna hata paa, ninyi mnatuletea mambo ya mupira?" Swali ni la haki. Leo hatutalijibu kwa hesabu za mradi. Tutasimulia historia ya bwana na bibi waliopenda michezo maisha yao yote, wakapanda juu sana, kisha siasa ikawashusha.

Emil Zátopek na Dana Zátopková walizaliwa siku moja, tarehe 19 Septemba 1922, katika nchi iliyoitwa wakati ule Chekoslovakia. Emil alikuwa mtoto wa seremala. Akiwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha Bata mjini Zlín, ile Bata ya viatu tunayoijua wote. Mbio hakuzitafuta. Mwaka 1941 wakubwa wa kiwanda walimlazimisha kuingia katika shindano la mjini, akatoka wa pili, na toka siku ile hakuacha tena. Dana yeye kazi yake ilikuwa kurusha mkuki.

Mwaka 1948 walikwenda wote katika michezo ya Olimpiki ya London. Emil alipata dhahabu katika mita 10 000 na fedha katika mita 5 000. Dana akawa wa saba. Mwezi wa kumi mwaka huohuo wakafunga ndoa.

Emil hakuwa na siri ya ajabu. Alikimbia mita 400 kwa nguvu, akapumzika kwa kukimbia polepole, akarudia tena, siku zingine mara 40 na zaidi. Alikuwa mwanajeshi, basi mara nyingi alifanya mazoezi na buti za jeshi miguuni, hata kwenye theluji.

Michezo ya Helsinki, mwaka 1952, njo iliwafanya wajulikane dunia nzima. Lakini kabla ya mbio kulikuwa na jambo lingine. Mwenzao wa timu, Stanislav Jungwirth, alikatazwa kusafiri kwa sababu baba yake alikuwa amefungwa kwa mambo ya siasa. Emil akakataa kupanda ndege: kama Jungwirth haendi, na yeye haendi. Katika utawala ule wa mkono wa chuma, neno kama hilo lingeweza kumpeleka gerezani. Wakubwa walirudi nyuma, na wote wawili wakafika Helsinki.

Kule Emil alishinda mita 10 000, akashinda mita 5 000, kisha akashinda maratoni, na ilikuwa maratoni yake ya kwanza maishani. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyeshinda hizo tatu katika Olimpiki moja. Siku ya mita 5 000, Dana aliiomba medali ya bwana yake, akaitia mfukoni kwa bahati njema, akaenda kurusha: mita 50,47. Dhahabu. Emil akatania mbele ya waandishi kwamba ushindi wake njo ulimtia bibi moyo. Dana akamjibu aende basi amtie moyo msichana mwingine, tuone kama naye atarusha mita 50.

Mwaka 1954 Emil alikimbia mita 10 000 chini ya dakika 29, mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo. Ilikuwa Bruxelles, mji ambamo wakati ule mambo ya Kongo yetu yalikuwa yanaamuliwa. Lakini aliyedumu zaidi kiwanjani ni Dana. Mwaka 1958, akiwa na miaka 35, aliweka rekodi ya dunia: mita 55,73. Mwaka 1960 kule Roma akachukua fedha, karibu atimize miaka 38. Huku kwetu, mama wengi wanaambiwa waache mchezo siku ya harusi. Dana alipata medali zake zote za Olimpiki akiwa mke wa mtu.

Mwaka 1966 Ron Clarke wa Australia alimtembelea Emil huko Praha. Clarke alikuwa amevunja rekodi nyingi za dunia, ila dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Wakati wa kuagana, Emil alimpa kifurushi kidogo. Clarke alipokifungua baadaye alikuta medali ya dhahabu ya Helsinki.

Kisha ikaja 1968. Emil alitia sahihi waraka wa Maneno Elfu Mbili uliodai uhuru zaidi. Mwezi wa nane, majeshi ya Urusi na washirika wake yakaingia Praha, naye akayapinga hadharani. Alifukuzwa katika chama na jeshi. Kanali aliyejulikana dunia nzima akapelekwa kwenye timu ya kuchimba visima na kutafuta madini, akilala mbali na nyumbani, na kwa bibi yake anafika mara mojamoja. Mwaka 1971, chini ya shinikizo, alirudisha nyuma maneno yake. Tunalisema hili kwa sababu wengi wetu tunajua maana ya kusema unachotakiwa kusema ili uishi.

Miaka ya baadaye alirudi kukaa Praha. Mwaka 1990, utawala ule ukiwa umeanguka, alirudishiwa heshima yake. Alifariki mwaka 2000. Dana alimfuata mwaka 2020, akiwa na miaka 97.

Cheo na kazi vilinyang'anywa kwa sahihi moja ya mkubwa. Dhahabu moja waliitoa wenyewe. Kilichobaki ni wao wawili, na watu waliowatendea mema.

Paa njo ya kwanza, hakuna anayebisha. Lakini vikundi vitakapozungumzia mchango wa kiwanja, tunaomba kila kimoja kijibu maswali mawili. Je, bamama walioolewa watakuwa na siku yao ya kucheza? Na mtoto ambaye baba yake anachukiwa kijijini, tutamwingiza katika timu?