Walioingia na Waliomaliza



Siku ya kufungua shule, kuhesabu si kazi. Wanafunzi wako pale mlangoni, mkuu wa shule aandika majina, na jioni ajua wako wangapi. Lakini miaka mitatu ikiisha, nani ajua ni wangapi kati ya majina yale yale waliofika mwisho? Na wale wasiofika, walipotelea wapi, na kwa sababu gani? Leo twataka kueleza namna Wamarekani walivyojifunza, polepole na kwa taabu, kuuliza maswali hayo katika vyuo vyao viitwavyo vyuo vya jamii. Ni habari ya nchi ya mbali, lakini mwishoni tutaona kwamba yatuhusu na sisi.

MLANGO WAZI

Chuo cha jamii ni shule ya juu ya miaka miwili. Hupokea kijana aliyemaliza sekondari, na hupokea vilevile mama wa nyumba au mfanyakazi atakaye kusoma jioni baada ya kazi. Karo yake ni ndogo kuliko ile ya chuo kikuu, na kwa kawaida hakuna mtihani wa kumzuia mtu mlangoni. Anayemaliza hupata shahada ya miaka miwili au cheti cha kazi fulani. Wengine huhamia chuo kikuu wakaendelee na mwaka wa tatu.

Chuo cha umma cha namna hiyo kilicho cha zamani kuliko vyote kilianza mwaka wa 1901 katika mji wa Joliet, karibu na Chicago. Waliokianzisha ni J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya mji ule, pamoja na William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 6 tu. Kwa watu 6 hapahitajiwi hesabu kubwa. Mmoja akikosekana asubuhi, mwalimu ajua mara moja ni nani, na aweza kwenda kubisha hodi kwa wazazi wake.

Siku za watu 6 hazikudumu. Mwaka wa 1944 ilitolewa sheria ya kuwalipia masomo askari waliotoka vitani. Mwaka wa 1947 baraza lililoundwa na Rais Truman liliomba vyuo vya jamii viongezwe, ili hata mtoto wa maskini asome karibu na kwao. Kisha kati ya mwaka wa 1960 na 1970 vilifunguliwa vyuo vipya zaidi ya 400. Watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi, maana watu ambao baba zao hawakuwahi kukanyaga chuo sasa walikuwa ndani.

Lakini sifa ya chuo ilipimwa mlangoni. Chuo chenye wanafunzi wengi kilisemwa kuwa chuo kizuri, na majimbo mengi yalitoa fedha kwa kufuata idadi ya walioandikishwa. Aliyeondoka kimya kimya katikati ya mwaka hakuulizwa habari. Mahali pake palijazwa na mwingine mwaka uliofuata, na daftari lilionekana limejaa.

Mapema kabisa alitokea mtu aliyeona jambo hilo. Mwaka wa 1960 mwalimu Burton Clark alitoa kitabu juu ya chuo kimoja cha mji wa San Jose, katika jimbo la California. Alionyesha kwamba wengi wa walioingia walisema wataka kuhamia chuo kikuu, na kwamba waliohamia kweli walikuwa wachache kuliko hao. Wengine, alisema, walipozwa taratibu na chuo chenyewe, kwa alama na kwa mashauri, hata wakaona kwamba kosa ni lao peke yao. Maneno hayo yalisomwa sana na wataalamu. Hata hivyo ilipita miaka 30 kabla sheria haijavilazimisha vyuo vyote kuonyesha hesabu ya waliomaliza.

SHERIA YA MWAKA WA 1990

Sheria yenyewe ilitoka mahali ambapo mtu hangetazamia, yaani katika michezo. Vyuo vikuu vya Marekani huwatafuta vijana hodari wa mpira, nao huwaletea vyuo hivyo fedha na jina. Lakini wengi wao walikwisha kucheza miaka yao yote wakarudi nyumbani bila shahada. Bill Bradley, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu kabla ya kuwa seneta, alikuwa miongoni mwa waliotaka wazazi waambiwe ukweli huo. Basi mwaka wa 1990 ilipitishwa sheria kwamba kila chuo kinachopokea wanafunzi wenye msaada wa serikali, kiwe na timu au kisiwe nayo, sharti kitangaze ni wanafunzi wangapi wanaomaliza.

Kanuni ya kuhesabu ikawa hivi. Chukua wanafunzi walioingia chuoni mara ya kwanza, wanaosoma kwa muda wote. Uwafuate kwa muda wa kawaida wa masomo pamoja na nusu yake tena. Kwa chuo cha miaka miwili, ndiyo miaka mitatu. Kisha useme wangapi wamemaliza.

Matokeo yalitia huzuni. Katika vyuo vingi vya jamii, aliyemaliza kwa miaka mitatu alikuwa kama mmoja kwa kila watano. Magazeti yalipiga kelele. Walimu wa vyuo nao walilalamika, na malalamiko yao hayakuwa bure. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wao husoma masomo machache tu kwa wakati, kwa sababu wana kazi na watoto; hao hawakuhesabiwa kabisa. Aliyerudi masomoni baada ya miaka kumi hakuhesabiwa. Aliyehamia chuo kikuu kabla ya kuchukua shahada ya chuo chake hakuwekwa kati ya waliomaliza, ingawa alikuwa anasonga mbele. Hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya kijana wa miaka 18 asiye na mzigo mwingine ilitumiwa kumpima mama anayesoma usiku.

Kwa hiyo hesabu ikarekebishwa. Tangu mwaka wa 1993 shirika moja lilianza kukusanya orodha za wanafunzi wa vyuo vingi sana, hata ikawezekana kumfuata mtu kutoka chuo hiki mpaka kile. Kwa kuwapa wanafunzi miaka sita badala ya mitatu, na kwa kuhesabu shahada walizopata popote, ilionekana kwamba wanaomaliza ni kama 40 kwa mia. Serikali nayo, tangu mwaka wa masomo wa 2015, ilianza kuomba habari za wanaosoma masomo machache na za wanaotoka vyuo vingine. Ukweli ukawa na nafuu kuliko ulivyodhaniwa, lakini bado ulikuwa mzito: zaidi ya nusu hawakufika.

WALIPOTELEA WAPI?

Hesabu ya mwisho hufanana na kengele ya mazishi: yakwambia kwamba mtu amekwisha ondoka, haikwambii alianza kuugua lini. Ndiyo sababu mwaka wa 2004 vyuo zaidi ya 20 vya majimbo matano vilijiunga katika kazi iitwayo Achieving the Dream. Viliahidi kumfuata mwanafunzi hatua kwa hatua. Je, alimaliza muhula wa kwanza? Alirudi mwaka wa pili? Alishinda somo la hesabu? Tena viliahidi kutenganisha majibu, maskini mbali na wenye nacho, weusi mbali na weupe, ili shida ya wachache isifunikwe na heri ya wengi.

Hapo mambo mengi yaliyofichwa yalionekana. Mwanafunzi aliyekuja na udhaifu katika hesabu alitumwa kwanza kwenye madarasa ya kumtayarisha, mara nyingine matatu yakifuatana, ambayo hayakumwongezea hatua yoyote kuelekea shahada. Wataalamu wa chuo kikuu cha Columbia walitangaza mwaka wa 2010 kwamba katika wale waliotumwa huko kwa ajili ya hesabu, kama theluthi moja tu ndio waliomaliza madarasa hayo. Na tuangalie vizuri: wengi waliopotea hawakupotea kwa kushindwa mtihani. Walishinda darasa moja wasijiandikishe katika lile la pili, au hawakuanza hata lile la kwanza. Njia yenyewe ilikuwa ndefu mno. Vyuo vilidhani vimejenga ngazi, kumbe vilijenga kizuizi.

HESABU PEKE YAKE HAIPONYI

Lakini kujua si kuponya. Mwaka wa 2011 wachunguzi walitazama vyuo vya kwanza vya kazi ile, wakaona vimezoea kutumia hesabu, ila kwa jumla hali ya wanafunzi ilikuwa imebadilika kidogo tu. Mganga aliyepima joto la mgonjwa, akaliandika vizuri, kisha akaenda zake, hajamponya mtu.

Mfano wa uponyaji twauona katika chuo kikuu cha mji wa New York. Mwaka wa 2007 kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi alitakiwa kusoma kwa muda wote. Naye alipewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, ambaye sharti amwone mara kwa mara; karo iliyobaki ililipwa, vitabu havikumgharimu, na alipewa tikiti ya kusafiria mjini. Ili kujua ukweli, wanafunzi waligawanywa kwa kura, wengine ndani ya mpango na wengine nje. Baada ya miaka mitatu, wa ndani walimaliza 40 kwa mia, wa nje 22 kwa mia. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vilifuata mfano huo, na huko nako waliomaliza waliongezeka sana.

Iko hatari nyingine. Mwaka wa 2007 jimbo la Washington lilianza kuvipa vyuo fedha kwa kila hatua ya mwanafunzi. Wachunguzi walipotazama baadaye, hawakuona kwamba shahada za miaka miwili zimeongezeka. Vilivyoongezeka ni vyeti vifupi. Hesabu ikigeuka kuwa ndiyo mshahara, watu hutafuta hesabu na kumsahau mtu.

NA SISI?

Bwana wetu alitupa mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia. Hangejua kwamba mmoja amepotea kama asingaliwahesabu jioni. Lakini hakuishia kuhesabu: aliwaacha wengine akaenda kutafuta.

Hapa Kongo twasifu shule kwa Mtihani wa Serikali. Shule yasema: kwetu wameshinda 90 kwa mia. Ni vema, twashukuru. Lakini ni 90 kwa mia ya nani? Ni ya wale waliofika kwenye mtihani. Binti aliyeacha katika mwaka wa tatu kwa kukosa karo hayumo. Kijana aliyekwenda kuchimba dhahabu hayumo. Hao ndio wanaotuhusu hasa, nao hawana namba.

Basi wazazi na wakubwa wa jumuiya wamwombe mkuu wa shule afungue daftari la miaka sita iliyopita, na kila jina liulizwe habari zake. Kazi hiyo haitaki mashine. Yataka kalamu, siku moja ya Jumamosi, na watu wanaojuana na majirani wao. Katika vyuo vikubwa vya Marekani mwalimu hajui tena nyumba ya kila mwanafunzi. Sisi katika parokia bado twazijua nyumba. Jina likionekana limekoma kuandikwa, na mtu aende kubisha hodi juma lile lile, kabla mtoto hajazoea kukaa nje ya shule.