Suheli Juu ya Ujiji

Mwezi wa Februari, mvua ikipumzika na mbalamwezi haipo, simama ufukweni Ujiji mnamo saa 4 usiku uelekee kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia. Karibu na utosi utaiona Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote. Shusha macho hadi karibu nusu ya mbingu. Ile nyeupe iliyo peke yake ni Suheli, ya pili kwa kung'aa. Jina hilo tumelipata kwa mabaharia Waarabu, na katika Kiswahili cha zamani cha pwani "suheli" ilimaanisha pia kusini. Wataalamu huiita Canopus, nao huiweka katika kundi la Carina, yaani mkuku wa meli.

Kwa macho Suheli ni ndogo kwa Sirius. Kumbe Sirius ni jirani tu: nuru yake hutufikia kwa miaka isiyozidi tisa. Ya Suheli husafiri miaka kama 310. Upana wake ni takriban mara 70 ya jua letu, na mwanga wake ni zaidi ya mara 10,000. Uso wake una joto la nyuzi 7,000 hivi, na wa jua 5,500. Ndiyo maana ni nyeupe. Ingewekwa mahali pa jua, ukingo wake ungekaribia njia ya sayari ya Utaridi. Umbali huo haukujulikana sawasawa hadi chombo cha Hipparcos kiliporushwa mwaka 1989. Kabla yake wengine walikadiria chini ya miaka 100, wengine zaidi ya 1,000.

Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kama hesabu hizi haziyumbishi imani. Nilimwambia asome Ayubu sura ya 9. Mzee yule anazitaja nyota za kusini akiwa katikati ya mateso yake, na hakuna aliyempa vipimo vyake.

Lakini mimi Suheli hunikumbusha watu wa hapa hapa. Agosti 1878 wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji kutoka pwani. Mmoja wao, Edward Coode Hore, alikuwa baharia, na baharia hakosi kuijua Suheli. Mwenzake, mchungaji J. B. Thomson, alifariki Septemba, hata miezi miwili haijatimia. Arthur Dodgshun alifika Machi 1879, naye akafa baada ya siku chache. Wafanyabiashara wa mji waliwatilia shaka, na watu wa kuwasikiliza walikuwa haba. Hore aliendelea, akalizunguka ziwa akilipima. Mwaka 1883 akaleta mashua ya chuma vipande vipande kutoka pwani. Jina lake Morning Star, Nyota ya Asubuhi. Hata hivyo kituo cha Ujiji kiliachwa kabla muongo ule haujaisha, kazi ikahamia kusini mwa ziwa. Waliokitazama wakati ule wangeweza kusema ni hasara tupu, na sidhani tungewalaumu.

Nuru iliyotoka Suheli mwezi ule Thomson alipofariki bado iko njiani. Haijafika hata nusu ya safari. Itafika juu ya Ujiji karibu na mwaka 2190.